Heiner Stuhlfauth, kipa wa Nürnberg: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nafundisha makipa wadogo jioni, kwenye uwanja wa vumbi wenye lango moja la mabomba na jingine la mawe mawili. Kila nikimtaja Heiner Stuhlfauth, maswali huja yale yale, kutoka kwa watoto na kutoka kwa wazazi waliosimama pembeni. Haya ndiyo yanayorudi zaidi, pamoja na majibu yake.

## Mambo ya mwanzo

Heiner Stuhlfauth ni nani?

Ni golikipa Mjerumani aliyezaliwa Nürnberg tarehe 11 Januari 1896 na kufariki katika mji huo huo tarehe 12 Septemba 1966. Alidakia 1. FC Nürnberg kuanzia 1916 hadi 1933, mechi 606 kwa jumla, na akatwaa nayo ubingwa wa Ujerumani mara tano. Timu ya taifa aliichezea mechi 21, kati ya 1920 na 1930.

Hizo ni takwimu, na peke yake zinatosha kumweka kwenye vitabu. Mimi ninamkumbuka kwa sababu nyingine. Wakati makipa wengi walisifiwa kwa kuruka, yeye alishughulika zaidi na mahali pa kusimama. Mpira ulipofika, mara nyingi alikuwa ameshafika.

Heinrich au Heiner? Na jina linatamkwaje?

Alibatizwa Heinrich. Heiner ni ufupisho wa kawaida wa jina hilo kusini mwa Ujerumani, kama kwetu Abdallah anavyoitwa Dulla. Ukiona orodha mbili, moja ina Heinrich na nyingine Heiner, ni mtu mmoja. Jina la ukoo hutamkwa karibu na "Shtulfaut", mkazo ukiwa mwanzoni.

Alianzaje kucheza mwaka 1916, katikati ya vita?

Soka la Ujerumani halikufa wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, lilikonda tu. Ubingwa wa taifa ulisimamishwa, lakini vilabu viliendelea na mechi za mikoa kwa wachezaji waliokuwepo. Kwa msomaji wa pwani yetu, huo ndio mwaka ambao Waingereza waliitwaa Dar es Salaam kutoka kwa Wajerumani. Stuhlfauth alikuwa na miaka 20.

Hakuwa kipa mkubwa wa kwanza wa nchi ile. Fritz Baumgarten alisimama langoni katika mechi ya kwanza kabisa ya timu ya taifa, Aprili 1908, Ujerumani ilipofungwa 5-3 na Uswisi mjini Basel. Baada yake akaja Adolf Werner wa Holstein Kiel, bingwa wa 1912. Stuhlfauth aliikuta kazi hiyo ina wenyewe, lakini haikuwa bado na mtindo wake.

Wakati huo kulikuwa na Bundesliga?

Hapana. Bundesliga ilianza 1963. Kabla ya hapo kila sehemu ya Ujerumani ilikuwa na mashindano yake, kisha mabingwa wa sehemu hizo walikutana katika mechi za mtoano hadi fainali moja. Kipa angeweza kudaka vizuri mwaka mzima, halafu kosa moja la Juni likafuta yote. Shika hilo unaposoma jibu kuhusu fainali tano.

## Miaka ya Nürnberg

Alitwaa ubingwa miaka gani, na dhidi ya nani?

Mwaka 1920 Nürnberg iliifunga SpVgg Fürth 2-0 mjini Frankfurt. Mwaka 1921 ikaichapa Vorwärts Berlin 5-0 mjini Düsseldorf. Mwaka 1924 ilikuwa zamu ya Hamburger SV, 2-0, na 1925 FSV Frankfurt wakafungwa 1-0 nyumbani kwao baada ya muda wa nyongeza. Ubingwa wa mwisho wa Stuhlfauth ulikuja 1927, 2-0 dhidi ya Hertha mjini Berlin.

Kwa matokeo hayo watu wa Ujerumani walianza kuiita timu hiyo "Klabu", basi, bila jina la mji, na kila mtu akaelewa. Hadi leo inaitwa hivyo. Jumla ya mataji yake tisa ya taifa ilibaki rekodi mpaka Bayern München walipoipita miaka ya 1980.

Ni kweli hakufungwa hata bao moja katika fainali zote tano?

Kweli. Jumlisha mwenyewe: mbili, tano, mbili, moja, mbili. Mabao 12 kwa sifuri. Hili ndilo jambo ambalo wanafunzi wangu hukataa kuliamini mpaka niwaandikie kwenye mchanga kwa kijiti.

Wengi hutazama ile 5-0 kwa sababu ina mabao. Mimi naipenda zaidi ya 1925. Dakika 90 bila bao, uwanja umejaa watu wa Frankfurt wanaoshangilia timu ya mji wao, kisha muda wa nyongeza. Katika mechi ya namna ile mshambuliaji anaweza kukosa mara nne akasamehewa. Kipa hana hata moja ya kukosa.

Mbona wengine wanasema alifungwa kwenye fainali?

Kwa sababu ya 1922, fainali ambayo haikupata bingwa. Nürnberg na Hamburger SV walikutana Berlin tarehe 18 Juni, wakatoka 2-2 baada ya muda wa kawaida, na sheria ilisema wacheze hadi mmoja ashinde. Wakacheza. Giza likaanza kuingia, wachezaji wakawa wanaanguka wenyewe bila kuguswa, na hakuna bao. Mchezo ulisimamishwa baada ya dakika 189.

Marudiano yalikuwa Leipzig tarehe 6 Agosti. Safari hii 1-1, tena muda wa nyongeza. Nürnberg wawili walitolewa nje na wengine hawakuweza kuendelea, na enzi hizo hakukuwa na mchezaji wa akiba. Walipobaki saba, mwamuzi Peco Bauwens alimaliza mchezo. Shirikisho la Ujerumani liliwapa Hamburg ubingwa, nao mwishowe wakaukataa. Kwa hiyo 1922 imebaki tupu kwenye orodha.

Stuhlfauth alikuwa langoni mechi zote mbili: zaidi ya saa nne na nusu za mpira, mabao matatu. Anayesema hakuwahi kufungwa katika fainali anakosea. La kusema sawasawa ni kwamba hakufungwa katika fainali alizoshinda.

Habari ya mechi 104 bila kufungwa ni ya kweli?

Ndiyo, kuanzia Julai 1918 hadi Februari 1922 Nürnberg haikupoteza mechi yoyote ya mashindano, 104 kwa hesabu. Usilichanganye na kutoruhusu bao. Kuna siku walifungwa bao wakarudisha, na kuna sare. Lakini karibu miaka minne bila kipa kutoka uwanjani akiwa ameshindwa mechi ya mashindano ni kitu ambacho hata mimi nikikiandika narudia kukisoma.

Je, sifa ni zake au za timu iliyokuwa mbele yake?

Timu ilikuwa nzito, tusimdanganye mtu. Hans Kalb alikuwa kiungo wa kati, mkubwa wa mwili na mwenye pasi za kupimwa. Heinrich Träg alifunga, Luitpold Popp na Anton Kugler walikaba, Hans Sutor alikimbia upande wa kushoto. Mhungari Alfréd Schaffer alipita hapo na ufundi wa shule ya Budapest, pasi fupi chini chini.

Ila mtindo huo unahitaji mabeki wasimame juu, na mabeki wakisimama juu nyuma yao kunabaki uwanja mtupu. Huo uwanja mtupu ulikuwa wake. Namna alivyoutumia iko kwenye sehemu inayofuata.

## Namna alivyodaka

Kwa nini anatajwa kama kipa asiyependa kuruka?

Kwa sababu ndivyo alivyofundisha na ndivyo alivyocheza: kwake kipa mzuri hajirushi ovyo. Hakumaanisha kwamba kuruka ni haramu. Alimaanisha kwamba mara nyingi kuruka ni deni la hatua mbili ambazo hukuzipiga mapema.

Nieleze kwa ninachokiona kila jioni. Nina kijana mmoja wa miaka 12 anayeruka kwa kila mpira. Mpira wa mita moja kutoka mguuni, anaruka. Watoto wenzake wanapiga kelele, mama zao wanapiga makofi, naye anainuka na magoti mekundu. Siku moja nilichora mstari kutoka penye mpira hadi katikati ya lango, nikamwambia asimame juu ya mstari huo na kila mpira ukihamishwa na yeye ahame. Nikapiga mashuti kumi. Saba yalimgonga kifuani. Aliniuliza kama nilikuwa nampigia taratibu makusudi. Sikuwa nampigia taratibu.

Stuhlfauth alikuwa mrefu na mwenye umbo pana. Akisogea mbele hatua tatu, mshambuliaji aliona lango limekuwa dogo, akaanza kulenga pembeni kabisa, na mpira ukatoka nje. Mashuti ya namna hiyo hayaandikwi kama kazi ya kipa, ingawa yeye ndiye aliyeyatoa nje.

Ni kweli alitoka nje ya boksi na kucheza kwa mguu?

Ndiyo, na ndicho kilichomtofautisha. Mpira ulipopenya nyuma ya mabeki, alitoka mbio akaukuta nje ya eneo la hatari na kuupiga kama beki. Hata ndani ya boksi alitumia mguu kuokoa pale ambapo wengine wangeinama kudaka. Kwa mpira wa ngozi ulioloa maji, mzito, wenye kamba mbele, mguu ulikuwa chombo cha uhakika kuliko vidole.

Sheria za wakati ule zilimruhusu nini ambacho kipa wa leo haruhusiwi?

Beki akimrudishia mpira kwa mguu, aliruhusiwa kuudaka. Zuio la hilo lilikuja 1992. Kwa hiyo hakutumia miguu kwa kulazimishwa na sheria, kama makipa wa sasa. Alichagua.

Upande mwingine, maisha ya kipa yalikuwa magumu zaidi. Kushika mpira nje ya boksi kulikuwa kumekatazwa tangu 1912, na washambuliaji waliruhusiwa kumpiga kipa bega akiwa na mpira mkononi. Ukidaka kona ukajiona salama, bega la mtu wa kilo 80 linakusukuma wewe na mpira wako ndani ya nyavu. Ndiyo maana makipa wa enzi ile walipenda kupangua na kupiga ngumi.

Alivaa nini? Alikuwa na glovu?

Sweta la kijivu na kofia bapa yenye ukingo mbele. Picha zake nyingi ziko hivyo, na watu wa Nürnberg wakimchora mpaka leo wanaanza na sweta na kofia. Ukingo ulikuwa wa kukinga jua. Glovu kama tunazozijua leo, zenye mpira laini kiganjani, hazikuwepo. Mikono mitupu ilikuwa kawaida.

Inafaa kumwita babu wa Manuel Neuer?

Kwa wazo, ndiyo. Kipa anayetoka, anayesoma pasi kabla haijapigwa, anayecheza kama beki wa mwisho: hayo yalikuwepo Nürnberg miaka 90 kabla ya Neuer, kipa wa Ujerumani, kuyafanya kwenye Kombe la Dunia la Brazil mwaka 2014. Kwa mazingira, sheria zilizotajwa hapo juu zinaonyesha walicheza kazi mbili tofauti. Neuer hupokea pasi ili aanzishe mashambulizi. Stuhlfauth alitoka zaidi ili kuzima hatari. Nawaomba watu wasimfanye mtu wa kisasa kwa nguvu. Alikuwa wa wakati wake, ila aliona mbele.

## Timu ya taifa

Kwa nini ana mechi 21 tu kwa miaka 10?

Kwa sababu Ujerumani haikucheza mara nyingi. Baada ya vita nchi nyingi hazikutaka kukutana nayo, na Waingereza ndio walioshikilia zaidi msimamo huo. Haikualikwa Olimpiki ya 1920 wala ya 1924. Mechi ya kwanza baada ya vita ilikuwa dhidi ya Uswisi, Zürich, tarehe 27 Juni 1920. Stuhlfauth alianza siku hiyo, wakafungwa 4-1.

Kuna mwaka timu ya taifa ilicheza mechi mbili au tatu tu. Ukizipima 21 zake kwa ratiba ya leo, unamwonea.

Kisa cha mabehewa tofauti ni cha kweli?

Ni cha kweli, na ni cha Aprili 1924. Ujerumani ilikwenda Amsterdam kucheza na Uholanzi, na kikosi kizima kilitoka timu mbili tu: Nürnberg na Fürth. Miji hiyo imeshikana kama Ilala na Kariakoo, na timu zake ni watani wa jadi. Siku chache kabla walikuwa wamegombana uwanjani, basi wachezaji wa Fürth walipanda behewa moja na wa Nürnberg jingine, hawasemeshani.

Uwanjani walishinda 1-0, na Stuhlfauth hakufungwa. Bao alilifunga Karl Auer wa Fürth. Waliokwenda kumpongeza walikuwa wa Fürth peke yao. Namfikiria kipa akiwa kule nyuma peke yake, kwenye lango lake, amevaa jezi moja na watu wasiomsalimia, na bado anawapigia kelele wapange mabeki.

Mechi yake kubwa kuliko zote ni ipi?

Wajerumani wengi watakujibu Turin, tarehe 28 Aprili 1929. Ujerumani haikuwa imewahi kuifunga Italia. Stuhlfauth alikuwa na miaka 33, Waitalia walishambulia kwa muda mrefu wa mchezo, na yeye akazuia mfululizo. Mechi iliisha 2-1 kwa Ujerumani, na aliporudi nyumbani alikuwa shujaa wa Turin.

Olimpiki ya 1928 ilikwendaje?

Ilianza vizuri, ikaisha kwa hasira. Mjini Amsterdam Ujerumani iliifunga Uswisi 4-0, kisha ikakutana na Urugwai, mabingwa wa 1924, ikafungwa 4-1. Kalb na Richard Hofmann walitolewa nje. Urugwai walikwenda kutwaa dhahabu.

Kwa nini hakucheza Kombe la Dunia?

Kombe la kwanza lilifanyika Urugwai mwaka 1930 na Ujerumani haikwenda. Ni timu nne tu za Ulaya zilizovuka bahari. Lilipofika Kombe la 1934, Stuhlfauth alikuwa ameshastaafu.

Nani alichukua nafasi yake?

Katika timu ya taifa, Willibald Kreß, aliyedaka katika sare ya 3-3 na Uingereza mjini Berlin Mei 1930 na baadaye kwenye Kombe la Dunia la 1934. Klabuni, Georg Köhl, bingwa wa 1936. Wote wawili walikuwa makipa wazuri waliolazimika kuishi wakilinganishwa naye.

## Maswali ya pembeni

Alitajirika kwa mpira?

Kwa mpira wenyewe, hapana. Soka la Ujerumani lilikuwa la ridhaa kwa sheria kipindi chake chote. Bahasha za chini kwa chini zilikuwepo nchini, na mwaka 1930 Schalke 04 walifungiwa kwa kuwalipa wachezaji kuliko kilichoruhusiwa. Stuhlfauth alipata riziki kama watu wengine. Umaarufu wake ulimfaa zaidi katika biashara: aliendesha baa yake mjini Nürnberg, na wateja walijua fika nani anawahudumia.

Siasa za 1933 ziliigusa timu yake?

Ziliigusa, na hata kabla ya 1933. Kocha wake wa miaka ya mwisho alikuwa Jenő Konrád, Myahudi kutoka Hungaria. Mwaka 1932 Nürnberg ilitolewa na Bayern katika nusu fainali, na gazeti la Wanazi la mjini hapo, Der Stürmer, likamshambulia Konrád kwa Uyahudi wake. Hakusubiri. Alifungasha, akaondoka Ujerumani na familia yake. Mwaka uliofuata klabu iliwafukuza wanachama wake Wayahudi.

Hili siliruki ninapofundisha, ingawa wanaoniuliza hutaka kusikia habari za makombe. Stuhlfauth alistaafu 1933, na klabu iliyokuwa ikiitwa kwa neno moja tu ilikuwa imewafungia mlango watu wake.

Kipa mdogo anaweza kuanza na zoezi gani la Stuhlfauth?

Ule mstari nilioueleza kwenye swali la kuruka. Unahitaji kijiti, mpira na mtu wa kuuhamisha. Mwanzoni asipige kabisa: auweke mpira kulia, kipa asogee, auweke kushoto, kipa asogee, mikono ikiwa nyuma ya mgongo ili miguu ndiyo ifanye kazi. Dakika kumi zinatosha. Halafu mashuti kumi, mikono ikiwa huru, na mtoto ahesabu mwenyewe mangapi yalimfikia bila yeye kwenda chini. Yule kijana wangu wa miaka 12 sasa anafikisha manane, na magoti yake yamepona.